Duka la vitabu vya mitumba Langoni, mtu wangu ingia
Jamani wa Lamu, hili duka dogo la vitabu vya mitumba huku Langoni msilipite tu. Nimetoka na kitabu cha barua za Waayalandi wapigania uhuru, shilingi 300, na tangu jana sijakiweka chini. Wale wa Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, walikua wanaandikiana na wenzao wa Marekani kama John Devoy, mmoja wa viongozi wa harakati hizo kule New York, na Uingereza ilikua inakagua posta kwahiyo barua nzito zinapewa mabaharia wavuke nazo mkononi, ndo kama tulivozoea sisi kumpa nahodha mzigo wa Mombasa. Februari 1916 Devoy akapata ujumbe wa mafumbo kwamba Pasaka wanainuka kupigana na Uingereza na wanataka silaha, nilivofika hapo nywele zilinisimama wallahi.

Ila kurasa kama kumi zimegandana kwa unyevu, nimezibandua pole pole na kisu cha siagi na mbili zikachanika, iliniuma. Mwenye duka nlipomrudia akanipunguzia 100 bila maneno. Mzee mstaarabu, na kahawa chungu atakupa. Nendeni baada ya alasiri, asubuhi hafungui.