Bodi ya Cyton ya kusomea mawimbi ya ubongo: chipu haina neno, kazi iko kwenye ngozi

Cyton ni bodi ndogo ya kuenea kiganjani, inatengenezwa na OpenBCI ya Marekani, na kazi yake ni kunasa umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa. Ni ya kusoma tu. Anayetaka kuchochea ubongo, iwe kwa umeme dhaifu wa miliampea 1 au 2 au kwa sumaku, hicho ni kifaa kingine kabisa na kinahitaji mtaalamu pembeni.

Ndani yake kuna chipu ya ADS1299 ya Texas Instruments: chaneli 8 (njia za kunasia ishara), biti 24, sampuli (vipimo) 250 kwa sekunde. Ukiikuza ishara mara 24, hatua ndogo kabisa ya kipimo ni kama mikrovolti 0.022. Mawimbi ya ubongo yakifika kwenye ngozi huwa na mikrovolti 10 hadi 100, kwa hiyo usahihi umebaki wa kutosha. Wengi wanaoilaumu bodi kwa mchoro uliochafuka wanaionea.

Kuna bodi ya nyongeza, Daisy, inayofikisha chaneli 16. Hasara yake ni kwamba ukirusha data bila waya hadi kwenye kipokezi cha USB cha kompyuta, kasi hushuka hadi sampuli 125 kwa sekunde, na chochote cha juu ya Hezi 62 hivi hakisomeki tena. Kwa mazoezi ya kawaida, 8 zinatosha.

Uwashaji una mpangilio wake. Kipokezi cha USB kichomekwe kwanza, swichi yake ndogo ikiwa upande wa GPIO 6, si RESET. Kisha bodi iwashwe kwa kusukuma swichi upande wa PC. Kwenye Windows, mchoro ukienda kwa kurukaruka, fungua mipangilio ya mlango wa USB na upunguze muda wa kusubiri kutoka milisekunde 16 hadi 1. Kipokezi kikining'inia kwenye waya wa kurefushia USB, mbali na kompyuta, upotevu wa data hupungua.

Sasa ngozi. Bodi haiji na kofia, na elektrodi (vipande vya kunasa umeme kwenye ngozi) zinazotumika sana ni vikombe vya dhahabu, navyo vinataka krimu nzito ya kupitisha umeme. Tenganisha nywele mpaka ngozi ionekane, isugue kwa jeli yenye chembechembe ili mafuta na seli zilizokufa zitoke, jaza kikombe krimu, kibonyeze, kisha ufunike kwa kipande cha pamba. Lenga ukinzani ulio chini ya kiloomu 10. Nywele nene au zilizosukwa huchosha. Elektrodi kavu hazisaidii sana hapo, maana hazifiki chini. Klipu ya ndewe moja iende kwenye pini ya chini ya SRB (rejea, ambayo chaneli zote hulinganishwa nayo), ya ndewe nyingine kwenye pini ya chini ya BIAS (ya kupunguza kelele za umeme). Programu ikiandika kwamba chaneli imegonga ukomo, chunguza hizi mbili kabla ya kugusa nyingine: rejea ikilegea, chaneli zote huharibika pamoja.

Jaribio la kwanza liwe la kisogoni. Pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka shina la pua hadi kinundu cha kisogo, kupitia utosini. Ukipata sentimita 36, panda sentimita 3.6 juu ya kinundu. Kisha zungusha futi kichwani. Ikisoma 56, sogea sentimita 2.8 kushoto na kulia. Hapo ndipo O1 (kushoto) na O2 (kulia), majina ya kimataifa ya sehemu hizo mbili za kisogo. Mtu afumbe macho, atulie, asitafune: kwenye mchoro wa masafa, unaoonyesha nguvu ya ishara kwa kila Hezi, lazima kilima kiinuke karibu na Hezi 10, na kizame akifumbua. Hilo ni wimbi la alfa, lile lile aliloliandika Hans Berger mwaka 1929. Lisipoonekana, usihangaike na programu za kudhibiti roboti kwa mawazo. Rudi kwenye krimu. (Wapo watu wachache wenye alfa hafifu, basi jaribu kichwa kingine kabla ya kukata tamaa.)

Ukiona mwiba kwenye Hezi 50 au 60, huo ni umeme wa ukutani. Kichujio huufuta kwenye skrini, lakini dawa yake ni kuzisokota nyaya pamoja na kuchomoa chaja ya kompyuta. Bodi yenyewe iendeshe kwa betri 4 za AA tu, kamwe si kwa adapta ya ukutani, kwa sababu elektrodi ziko kwenye mwili wa mtu. Kupepesa kope nako, na hata kuuma meno, hutoa ishara inayoimeza ile ya ubongo. Elektrodi za kipaji ndizo huathirika zaidi, na wauzaji wa vifaa vya kuvaa kichwani vya kupimia “umakini” hawapendi kulisema hilo.

Kwa mwanafunzi wa uhandisi au maabara ndogo tunaipendekeza bila kusita: michoro ya bodi na programu yake viko wazi, na data ghafi ni yako, unaweza hata kuihifadhi kwenye kadi ya microSD unayoichomeka kwenye bodi. Anayetaka kuvaa kitu kwa dakika moja na kuanza, Cyton itamkera. Na si kifaa cha kupimia kifafa wala ugonjwa wowote.