Lenzi ya 50mm f/1.8 kwa mtoto asiyetulia: miezi saba nayo hapa Tanga

Mwanangu ana mwaka na miezi mitano na tangu aanze kutembea sijamwona amekaa sehemu moja dakika nzima, ukimwambia tulia nikupige picha ndo kwanza anatoka mbio kufukuza kuku wa jirani. Kamera ninayo, Canon 700D ya siku nyingi, na lenzi ni ileile iliyokuja nayo, 18-55, yaani ya kuvuta kutoka milimita 18 mpaka 55. Mchana nje haina neno. Shida ilikuwa ndani. Tunakaa Ngamiani, sebule ndogo, dirisha moja na limetazama ukuta wa jirani, sasa ikifika saa kumi na moja jioni mwanga umeshaisha na huo ndo muda bibi yake yupo huru kucheza naye. Nina picha nyingi sana ambazo bibi kakaa vizuri na kanga yake, uso umetoka safi, halafu mjukuu pembeni ni kivuli kinachopita. Iliniuma kweli, maana bibi anakaa Pangani na haji kila wiki.

Nikampelekea mzee mmoja mpiga picha wa hapa mtaani, alianza kazi enzi za filamu. Nikamwamkia, nikamwonyesha picha, akazitazama moja moja akasema, "Mwanangu, kamera yako nzima. Hiyo lenzi ukiivuta mpaka 55 mwisho wake ni f/5.6, mwanga unaingia kiduchu, shata inabidi ikae wazi muda mrefu, mtoto keshapita. Tafuta 50 ya moja nukta nane." Hiyo namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: namba ikipungua tundu linapanuka na mwanga unaingia mwingi; shata ni pazia linalofunguka kupokea huo mwanga.

Na hapa nieleze kidogo kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa naamini kile kidude cha kuzuia mtikisiko kwenye lenzi yangu, kile kimeandikwa IS, kingenisaidia. Hakisaidii. Kinatuliza mkono wako wewe, mtoto hakimtulizi. Mtoto anayekimbia anataka shata ya kama 1/250 ya sekunde, akiwa amechachamaa kabisa 1/500, basi. Pale sebuleni jioni kwa f/5.6 nilikuwa napata 1/30 na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, tayari iko 3200. Ukifungua mpaka f/2, ISO ileile, mwanga uleule, unapata 1/250. Yaani ni mwanga mara nane, na hujagusa taa wala flashi. Flashi siitaki, mtoto anashtuka.

Hiyo 50 ya kwanza niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni, iliyotumika, ikaja na basi kutoka Dar. Nilipomulika na tochi ya simu kwa nyuma nikaona ndani kuna nyuzi nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Fangasi. Nilirudisha, ikachukua wiki tatu kupata hela yangu na nauli ya mzigo hakunirudishia. Kwa hiyo ukinunua iliyotumika, hasa kama imekaa pwani kwenye huu unyevu wetu, tochi kwanza hela baadaye, na kama huwezi kuimulika mwenyewe acha. Yangu sasa hivi inakaa kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kabatini na nguo siweki tena.

Ya pili nilichukua mpya, ile ya Canon iliyotoka 2015 imeandikwa STM, jina la mota yake ya fokasi. Ni nyepesi, gramu 160 hivi, kitako chake kinachoshika kwenye kamera ni cha chuma. Kuna ile ya zamani zaidi ya 1990, imeandikwa II, kitako cha plastiki, bei inashawishi, ila mota yake inapiga kelele na haishiki fokasi kitu kikiwa karibu zaidi ya sentimita 45. Hii mpya inafika 35. Kwa mtoto hizo sentimita kumi ni kitu kikubwa maana yeye akiona kamera anaifuata aishike.

Sasa ubaya wake, na huu ndo niliotaka mtu aniambie kabla. Kwenye kamera kama yangu yenye sensa ndogo hiyo 50 inakuwa kama 80, yaani inavuta kitu karibu zaidi na picha inabana. Sebuleni kwangu nikiegemea ukuta mgongo wote napata kichwa na mabega, mtoto mzima na bibi yake kwenye picha moja haiwezekani mpaka nitoke mlangoni nipigie barazani. Na haina zumu, zumu ni miguu yako, utainama, utapiga magoti, utarudi kinyumenyume, angalia usikanyage midoli.

Jambo lingine, f/1.8 usiiendee pupa. Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtoto sehemu inayoonekana kali ni kama sentimita sita tu, akisogea hatua moja pua imeshika macho hayajashika. Picha zangu za mwezi wa kwanza nyingi ziliharibika hivyo. Siku hizi ndani naweka f/2 au 2.2, nje f/2.8, fokasi naiweka AI Servo ili imfuate anavyosogea, natumia pointi ya katikati peke yake kwa sababu kwenye 700D ndo kali kuliko zile nyingine nane, na naacha kamera ipige mfululizo. Katika kumi napata tatu nzuri, na hizo tatu nazipenda mno.

Nje ndo raha yake ilipo. Tulikwenda bustani ya Jamhuri jioni, jua linashuka, mtoto anakimbia kwenye majani na bahari iko nyuma imelainika yote, nywele zake unaweza kuzihesabu. Ile picha bibi ameiweka kwenye fremu. Ufukweni Raskazone nako nimeipeleka ila tahadhari, haijazibwa dhidi ya maji wala mchanga, na kile kipande cha mbele kinatoka nje inaposhika fokasi, mtoto akikisukuma kwa mikono yenye mchanga utajuta. Nunua ile kofia yake ya mbele ya kukinga (hood), inauzwa kando.

Kwa hiyo nyumba yako ikiwa na nafasi, au picha zako nyingi ni za nje, chukua 50 bila kujiuliza. Kama chumba ni kidogo kama kwangu na lazima uchague moja, ningeanza na Canon EF-S 24mm f/2.8 STM: mwanga inapokea kidogo kuliko 50, sawa, lakini mtoto anaingia mzima na inasogea mpaka sentimita 16. Wenye Nikon ndogo za familia ya D3000 na D5000, tafuteni 35mm f/1.8G ya DX, yaani ya kamera zenye sensa ndogo, na msidanganywe na ile 50 yenye herufi D kwa urahisi wa bei yake, yenyewe haina mota na kamera zenu hazina mota ndani, mtazungusha fokasi kwa mkono na mtoto hatawangoja.

Mimi hiyo 24 nimeshaiona kwa jamaa wa Chumbageni anaiuza. Jumamosi naenda na tochi, bibi anakuja Jumapili.