Paneli ya sola wati 20 kwa gari inayolala Mokowe: nyota nne

Wenye gari wa Amu (Lamu) tunajuana, gari tunazo lakini hatukai nazo. Wewe uko kisiwani na punda wako, gari iko ng'ambo, bara, pale Mokowe inapigwa na chumvi ya bahari, unavuka kuichukua ukiwa na safari ya Malindi au Mombasa na safari zenyewe ni za kubahatisha. Ukifika na begi begani saa kumi na mbili asubuhi unazungusha funguo unasikia tik tik tik, bas, anza kutafuta mwenye jampa (zile waya za kuazima umeme wa betri ya gari nyingine), na mwenye jampa akikuona umevaa nguo za safari bei nayo inapanda. Kwa hivyo hii rivyu ni ya sola niliyofunga kwenye Probox yangu, imeshapita kiangazi na masika yote, sasa naweza kuisema vizuri.

Kwanza mjue betri inaisha vipi manake watu wengi huku wanalaumu betri "feki". Gari ikizimwa haizimiki yote. Alamu iko macho, kartrack (kile kifaa cha kufuatilia gari iko wapi) iko macho, redio inashikilia saa. Ukiweka testa utakuta inavuta labda miliampea 40 hivi, ni kidogo sana hiyo, lakini piga hesabu kwa masaa 24 inakaribia ampea-saa moja kila siku, na betri saizi ya NS60 ina kama ampea-saa 45 tu. Wiki tatu nusu imeenda, na bado joto letu hili halijatia mkono, manake betri ya asidi ikikaa kwenye joto inajimaliza yenyewe haraka zaidi hata kama haijaunganishwa na kitu. Ubaya wake ni kwamba ikikaa bila chaji zile sahani za risasi ndani zinashika salfeti ngumu, na ikishakuwa ngumu hairudi, hata uchaji mpaka kesho. Ndio unaona betri ya mwaka mmoja inauzwa kwa wanunuzi wa skrapu.

Sasa vile vipaneli vidogo vya kuweka juu ya dashibodi, vya wati moja na nusu au mbili, vinavyouzwa na plagi ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara. Msinunue. Kwanza wati mbili nyuma ya kioo, tena kioo chenye tinti, haifikii hata kulipa kile alamu inachokula. Pili, na hii ndio inachekesha, gari nyingi za Toyota tunazoendesha huku ile soketi inakata umeme ukitoa funguo, kwa hivyo kipaneli kinawaka taa yake nyekundu ya kijanja mtu anafurahi, na betri haipati chochote. Jirani yangu wa kuegesha alikuwa nacho, kila akija anaomba jampa na bado anakisifu.

Mimi nilichukua paneli ya wati 20, ile ya fremu ya alumini, pamoja na kontrola ndogo ya ampea 10, zote mbili hazikufika elfu nne, duka la vitu vya sola Malindi. Wati 20 kwenye jua zuri inatoa ampea moja na kidogo, jua letu la masaa matano ya nguvu ni ampea-saa tano, yaani mara tano ya kile gari inachokula ikilala. Ndio maana hata masika mawingu yakifunga siku nzima na paneli ikatoa robo yake au chini ya hapo bado tunakwenda sare. Wati 10 pia ingetosha kiangazi, lakini tofauti ya bei ni ndogo, sikuona haja ya kubana.

Kontrola msiiruke. Muuzaji aliniambia "funga moja kwa moja tu, watu wote wanafunga hivyo", na paneli hiyo ikiwa haina mzigo inafika volti 21, sasa ukiiacha mwezi mzima juu ya betri iliyojaa itachemsha maji yote. Kontrola inakata ikifika kiwango chake halafu inashikilia kama volti 13 na nusu hivi, na usiku inazuia betri isirudishe umeme kwenye paneli. Hizi za bei rahisi zina sehemu ya kuchagua aina ya betri, betri ya kumwagia maji ina namba yake na ile iliyofungwa ina yake, soma karatasi. Kuunganisha unaanza na betri, paneli inakuja mwisho, na ukifungua paneli inatoka kwanza. Nimetia na fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na temino ya chanya, ya shilingi chache, inazuia moto waya ikichubuka kwenye bonet.

Pale ninapoegesha kuna kibanda cha mabati, kwa hivyo paneli iko juu ya paa imepigwa nati na bolti, si gundi wala kamba, mnajua kwa nini. Waya inashuka mpaka mbele ya gari na ina plagi katikati, nikija nachomoa naondoka. Kivuli cha mwarobaini kilikuwa kinapiga kona moja alasiri nikadhani si neno, kumbe kona moja tu ikifunikwa paneli nzima inalegea, ikabidi isogezwe. Na ipanguswe, vumbi la barabara likichanganyika na chumvi linakuwa kama koti.

Majibu sasa. Kabla ya sola nikipima baada ya gari kulala sana nilikuwa nakuta volti 12 kamili au chini yake, na hiyo ni betri iliyobaki robo. Sasa nikichomoa waya nikaiacha itulie masaa kadhaa inasoma 12.6, imejaa. Inawaka mara ya kwanza. Yule kijana niliyekuwa namlipa aniwashie gari iungurume dakika kumi nimemshukuru tukaachana kwa wema, ile kazi ilikuwa inakula petroli tu, dakika kumi za sailensa, gari imesimama tu, hazijazi betri iliyoshuka, inataka uendeshe hasa, Witu na kurudi.

Mtu atasema si ufungue temino ya hasi na spana ya kumi iishe, bure. Sawa, inasaidia, na kama gari yako ni ya zamani haina makuu fanya hivyo. Lakini kartrack inazima, alamu inazima, na wale wenye redio za Toyota za kutoka Japani wanajua, ukikata umeme mara moja redio inakuandikia Kijapani inataka kadi ya ramani, na kadi iko wapi yakhe? Wenye nyumba Malindi wenye soketi karibu na gari wao wasihangaike na sola, wanunue chaja ya kujikata yenyewe kama CTEK, ni ghali ila unachomeka unasahau. Mokowe kwenye maegesho soketi hakuna.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya klipu. Zile klipu za mamba walizonipa zilishika kutu ya kijani haraka sana, kontrola ikawa inawaka na kuzima, nikazikata nikaweka pete za shaba zinazokazwa na nati ya temino na grisi juu, tatizo likaisha. Na betri ikiwa imeshakufa sola hii haiifufui, kama ikijaa inakaa usiku mmoja inashuka yenyewe nunua mpya kwanza. Waya wa dukani pia ni mfupi, mita mbili, kwa paa la Mokowe agiza mita sita na iwe nene.