Mizani ya nyumbani kwa mgonjwa wa figo mwenye moyo uliochoka: ipi inunuliwe, ipi iachwe

Familia yenye mgonjwa wa figo ikiingia duka la vifaa vya tiba huuziwa vitu vitatu: mizani, mashine ya presha, na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Mwenye pesa ya kimoja tu anunue mizani. Mizani ya kidijitali ya kawaida, isiyo na mbwembwe, haifiki bei ya kipindi kimoja cha dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine), na kwa mgonjwa ambaye moyo wake umeanza kushindwa kazi, hakuna kifaa cha nyumbani kinachomwonya mapema zaidi kwamba maji yanajaa mwilini. Tatizo ni kwamba mizani nyingi zilizopo sokoni zina tabia isiyomdhuru mtu anayepunguza kitambi, lakini humpotosha mgonjwa huyu vibaya.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha kwa nini nusu kilo ni kitu kikubwa. Figo zikisimama maji hayana pa kutokea, na lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mizani. Mgonjwa mwenye uzito mkavu (uzito wake maji ya ziada yakiwa yameshatolewa) wa kilo 60 akija na kilo 2.5 za ziada, mashine itazitoa kwa saa nne kwa mwendo wa mililita 625 kwa saa, yaani zaidi kidogo ya mililita 10 kwa kila kilo ya mwili wake. Hapo moyo unavumilia. Akija na kilo 4.5, ukijumlisha mililita 300 za maji ya kurudishia damu mwishoni, mwendo unafika mililita 20 kwa kilo kwa saa, wakati kikomo ambacho wataalamu wengi hawapendi kukivuka ni 13. Presha inaanguka katikati ya kipindi, misuli ya vigimbi vya miguu inakaza, nesi anasimamisha utoaji wa maji, na mgonjwa anarudi nyumbani na sehemu ya mzigo aliokuja nao. Lililo baya zaidi halionekani kwa macho. Presha inapoanguka hivyo, baadhi ya sehemu za ukuta wa moyo hukosa damu ya kutosha na kufa ganzi kwa muda, na jambo hilo likijirudia wiki hadi wiki misuli hiyo hubaki dhaifu. Moyo dhaifu nao huangusha presha upesi zaidi kipindi kinachofuata.

Kwa wanaosafishwa damu mara mbili kwa wiki, kama ilivyo kwa wengi Kenya na Tanzania, kuna pengo la siku tatu na jingine la siku nne. Ushauri wa "usiongeze zaidi ya kilo moja kwa siku" hauwafai. Lengo linalotumika sana ni kutovuka asilimia 4 hivi ya uzito mkavu kati ya kipindi na kipindi: kwa kilo 60 ni kilo 2.4. Zigawe kwa siku nne, unapata gramu 600 kwa siku. Mizani inayokosea gramu 500 haina kazi yoyote hapo.

Sasa kasoro yenyewe. Mizani nyingi za bei nafuu zina kumbukumbu. Panda, inasoma 62.4. Shuka, panda tena, 62.4. Mnunuzi anafurahi kwamba haichezi. Mpe chupa ya maji ya mililita 300 aishike mkononi, apande mara ya tatu: bado 62.4. Kumbe mizani haikupima, imerudia tu namba ya mwisho, kwa sababu imetengenezwa ili kipimo kipya kikiwa karibu na cha zamani ioneshe kile cha zamani. Mgonjwa anayeongeza gramu 300 kwa siku anaweza kuona namba ileile leo na kesho, akajipongeza, akanywa kikombe cha ziada, kisha siku ya tatu namba ikaruka ghafla. Kwa kifaa ambacho kazi yake yote ni kuonyesha mabadiliko madogo, hii ni kasoro ya kukikataa.

Kama tayari umeinunua, usiitupe. Jaza dumu la lita tano, panda nalo, subiri namba isimame, shuka. Ikizimika, panda peke yako. Namba ya pili iko mbali na ya kwanza, kwa hiyo mizani inalazimika kupima upya. Fanya hivyo kila asubuhi. Mgonjwa asiyeweza kubeba dumu, mtu mwingine wa nyumbani mwenye uzito tofauti apande kwanza.

Kasoro ya pili si ya mizani, ni ya sakafu. Chini ya kioo kuna vipima vinne, kimoja katika kila mguu: vipande vya chuma vinavyopinda kidogo sana vikibebeshwa uzito. Ukiiweka juu ya zulia au mkeka mnene, tumbo la mizani linagusa chini na kubeba sehemu ya uzito ambayo vipima havitaiona. Ukiiweka penye kigae kilicholegea, mguu mmoja unaelea. Itafutie mahali pa saruji iliyosawazishwa, uweke alama kwa chaki au utepe, na isihamishwe tena. Mizani iliyosogezwa au kusimamishwa ukutani lazima iguswe kwa mguu kwanza, ioneshe 0.0, izimike, ndipo upande. Hatua hii watu wengi huiruka, na kipimo cha kwanza baada ya kuisogeza ndicho kinachodanganya kuliko vyote.

Ya kununua basi iwe na hatua za kilo 0.1, iwe na jukwaa pana ambalo miguu iliyovimba inakaa vizuri, na itumie betri zinazopatikana dukani mtaani. Zile ndogo za duara za CR2032 hufanya kazi vizuri, lakini nje ya mji kuzipata ni shida. Betri za AAA ni salama zaidi. Betri ikichoka huandika "Lo", na tangu hapo namba yoyote isiaminiwe.

Mizani za "mafuta ya mwili", zile zenye vipande vya chuma juu ya kioo, hatuzipendekezi kabisa. Zinapitisha umeme mdogo toka mguu hadi mguu na kukisia maji, mafuta na misuli kwa kanuni zilizotokana na miili ya watu wazima wenye afya. Mwili wenye lita tatu za maji ya ziada hauko katika kanuni hizo, hivyo ile "asilimia ya maji" haimfai mgonjwa wa dayalisisi. Mwenye betri ya moyo iliyopandikizwa kifuani asizikanyage. Baadhi ya vituo vina kifaa kingine cha umeme cha kupimia maji, chenye vibandiko vya mkononi na mguuni, mgonjwa akiwa amelala. Hicho hutumia masafa mengi ya umeme na ni kitu tofauti kabisa. Kama kituo chako kinacho, omba upimwe, hasa uzito mkavu wako ukiwa haujapangwa upya kwa miezi mingi.

Mizani ya nyumbani haihitaji kulingana na ya hospitali. Inahitaji kutobadilika. Siku ya dayalisisi jipime nyumbani kabla ya kutoka, kisha linganisha na ya kituoni ukiwa na nguo zilezile. Ya nyumbani ikipungukiwa gramu 600, andika "+0.6" kwenye utepe na uubandike nyuma ya mizani. Tofauti hiyo ikikaa ileile wiki tatu mfululizo, una mizani nzuri. Ikiwa leo 0.6 na wiki ijayo 1.3, tafuta nyingine.

Kujipima kwenyewe ni asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai, bila viatu, ukiwa na kanga au bukta ileile. Anayetumia dayalisisi ya tumboni, ambayo maji ya kusafishia hujazwa tumboni kisha hutolewa, aamue moja: ajipime kila siku tumbo likiwa tupu au kila siku likiwa limejazwa, kwani mfuko wa lita mbili ni kilo mbili. Uzito ukipanda kila siku kuliko inavyotakiwa, tazama chumvi kabla ya kumgombeza mtu juu ya maji. Gramu 9 za chumvi hudai lita moja ya maji mwilini, na kiu itamsukuma mgonjwa mpaka aipate. Mchuzi wenye vidonge vya supu, dagaa wa chumvi, achari na bisi za mtaani ndiko inakotoka mara nyingi.

Kuna jambo moja ambalo hata mizani bora kuliko zote haiwezi kulisema, nalo limewapeleka wengi wodini wakiwa na "uzito sahihi". Mizani haitenganishi nyama na maji. Mgonjwa akiugua malaria au homa ya mapafu, akakosa hamu ya kula wiki mbili, anapoteza kilo mbili za misuli na mafuta. Kituo kinaendelea kumshusha hadi kilo 60 zilezile, kwa hiyo zile kilo mbili zilizotoka kama nyama zinajazwa na maji. Namba haijabadilika hata kidogo, na moyo unazama. Dalili zinazosaliti ni hizi: mto mmoja wa kulalia umekuwa mitatu, kikohozi kikavu kinachoanza akilala na kupungua akikaa, suruali inayolegea kiunoni huku soksi zikiacha mkunjo mguuni, presha inayopanda bila dawa kuachwa. Ukiona hayo, mwambie daktari neno kwa neno: "Amekonda, uzito wake mkavu upangwe upya." Kinyume chake pia hutokea. Mgonjwa aliyeanza kula vizuri ananenepa, na akiendelea kushushwa hadi uzito wa zamani hubanwa misuli na kizunguzungu kila kipindi.

Mashine ya presha ni ununuzi wa pili, na hapa kanuni ni chache lakini hazina mjadala. Iwe ya mkono wa juu. Za kifundo cha mkono hazifai kwa mishipa iliyokakamaa kwa miaka ya figo na kisukari. Isifungwe kamwe mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili ichomwe sindano za dayalisisi. Pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi nguo kabla ya kununua: mkanda wa kawaida mara nyingi ni wa sentimita 22 hadi 32, na mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo presha husomeka juu kuliko ilivyo, daktari akaongeza dawa ambazo zitaiangusha wakati wa dayalisisi. Modeli yenyewe itafutwe kwenye orodha ya STRIDE BP, inayotaja mashine zilizopimwa usahihi. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, kimya. Pima mara mbili kwa kupishanisha dakika moja. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, jambo la kawaida kwa mioyo hii, pima mara tatu uchukue wastani.

Kifaa cha kidoleni kiwe cha mwisho. Maji yanaweza kuwa yameshaanza kuingia mapafuni huku kikisoma 96. Kidole baridi, piko jeusi au rangi ya kucha hukitatiza, na kwenye ngozi nyeusi kina tabia ya kusoma juu kuliko oksijeni iliyopo. Kikisoma vizuri na mgonjwa hawezi kulala chali, amini kifua cha mgonjwa.

Kwa ambaye figo zake bado zinatoa mkojo na anatumia vidonge vya kukojoa, kupanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu ni sababu ya kupiga simu kliniki siku hiyohiyo. Kwa aliye kwenye dayalisisi, akivuka kiwango chake kabla pengo halijaisha, aombe kipindi cha ziada au muda mrefu zaidi, si mwendo mkali zaidi. Saa tano au sita zinatoa maji yaleyale kwa upole ambao moyo unauweza. Akikosa pumzi akiwa amekaa, ni hospitali, saa yoyote.

Unapokwenda dukani beba chupa ndogo ya maji iliyojaa. Omba mizani itolewe kwenye boksi, iwekwe sakafuni na si juu ya kaunta, iguswe hadi isome 0.0. Panda bila chupa, shuka, panda na chupa. Namba isipopanda, hiyo ni ile yenye kumbukumbu, omba nyingine. Muuzaji akikataa kuitoa kwenye boksi, usilipe.