Fundi aliyeziacha CV za wateja wangu hewani

Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haipo.

Nina steshenari Nyegezi, si mbali na stendi. Kompyuta ya dizaini inatumia Ubuntu, yaani Linux badala ya Windows, maana ni ya zamani na Windows ilikuwa inaielemea. Ya kaunta na ya printa zote ni Windows 11. Kazi ilikuwa inasafiri kwa flashi kutoka meza moja hadi nyingine, na flashi za wanafunzi mnazijua kwa virusi. Nikamwita fundi kutoka mjini, anayejitangaza sana kwenye magrupu, aniunganishie zote zishee mafaili.

Alichelewa kufika, hilo nilishasamehe. Akahangaika hadi jioni: Windows inaiona folda, ukibofya inagoma. Mwishowe ikafunguka. Nikampa nusu ya hela na soda juu.

Siku chache baadaye mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaniambia, "Mama, mbona CV za watu naziona kwenye simu yangu?" Nikadhani ananitania. Akanionyesha. CV, nakala za vitambulisho vya NIDA, mpaka mkataba wa kiwanja wa mzee mmoja wa Buhongwa! Paswedi ya Wi-Fi nimeibandika ukutani kwa ajili ya wateja, kwa hiyo yeyote aliyekuja kutoa kopi angeweza kuchungulia.

Kumbe fundi aliposhindwa, aliifungua folda kwa mgeni yeyote bila paswedi, akailazimisha Windows ikubali. Na juu yake akaiwasha SMB1, ile njia ya kizamani ya kushea mafaili ambayo Microsoft walianza kuiondoa kwenye Windows 10 mwaka 2017, mwaka uleule virusi vya WannaCry vilipoitumia kufunga kompyuta za watu dunia nzima, hospitali za Uingereza zikiwemo.

Nikampigia. Nilimsalimia vizuri kabisa, nikamweleza. Jibu lake: "Mama, si yanafunguka? Ulitaka yafunguke, yamefunguka. Sasa kelele za nini?" Akakata.

Kelele za nini! Mtu nimemlisha dukani kwangu.

Watu wasije wakailaumu Samba yenyewe, ile programu ya Ubuntu inayoshea mafaili. Andrew Tridgell aliianza kule Australia tangu 1992, na kazi ya Samba ndiyo hiyo, kuifanya Linux iongee na Windows. Yule mwanafunzi aliirekebisha huku anasubiri kopi zake. Tatizo lilikuwa hili: jina na paswedi unayofungulia Ubuntu havitoshi, Samba ina paswedi yake, unaiweka kwa amri ya smbpasswd. Ukishaiweka, Windows ikikuuliza unajaza hiyo, basi. Akazima SMB1, akafuta ruhusa ya wageni kuingia bila paswedi, na wateja akawahamishia kwenye Wi-Fi ya pembeni. Kitu kimoja tu kinanikera bado: faili nikiliita "Kadi: Harusi" kule Ubuntu, kwenye Windows linakuja na jina la ajabuajabu, kwa sababu Windows haitaki nukta mbili kwenye jina. Nimeacha kuziweka.

Niseme haki lakini. Waya alizopitisha darini zimenyooka, ameziwekea alama, na mtandao wa ndani haujakatika hata siku moja. Kwa waya ningempa nyota tatu. Nne hata, maana waliotangulia waliniachia waya zinaning'inia juu ya printa. Nilishaanza hata kufikiria kumpa namba yake jirani yangu wa duka la dawa.

Halafu nikakumbuka duka la dawa lina majina ya wagonjwa. Hapana. Moja inabaki moja.

Juzi kanitumia ujumbe anadai salio, hata salamu hakuna. La waya nitamlipa. La kushea mafaili aende Buhongwa akamdai yule mzee wa kiwanja.