Kamusi ya maneno yanayoandamana: ipi ya kununua?

Malalamiko ya wasomaji ni yale yale: mtu kanunua kamusi nene ya Kiingereza ya wanafunzi, na bado insha zake zinarudi zimepigwa mstari mwekundu kwenye "do a decision". Jibu, yaani "make a decision", limo humo humo kwenye kamusi yake, ila limetupwa chini ya "make". Sasa nani atakwenda kulitafuta huko, wakati "make" ndilo hasa neno asilolijua? Anayeandika huwa na nomino mkononi; kinachompotea ni kitenzi au kivumishi cha kuandamana nayo.

Kwa hiyo sitaki kusikia habari za wingi wa kurasa wala picha za rangi. Fungua "rain". Kama hukuti "heavy" papo hapo, irudishe rafuni.

Ya kwanza ni Longman Dictionary of Contemporary English, na sifichi mapenzi yangu. Tangu toleo la 2009, nomino kubwa kubwa zina kisanduku chake: vitenzi kivyake, vivumishi kivyake, pamoja na sentensi za mfano. "Reach a decision" unaikuta ikiwa kazini, si neno linaloning'inia.

Ya pili ni Oxford Collocations Dictionary ("collocations" ndiyo hayo maneno yanayoandamana), toleo la pili, 2009. Kwa utajiri haina mpinzani, maana ina michanganyiko ya maneno zaidi ya 250,000, na inaanzia kwenye nomino kama inavyotakiwa. Lakini maneno yamepangwa msururu, makundi yametengwa kwa vijistari vya wima, na mengi hayana mfano. Anayeanza atachagua kwa kubahatisha.

Macmillan Collocations Dictionary ya 2010 hueleza kila kundi lina maana gani, jambo zuri sana. Bahati mbaya kampuni ilitangaza mwaka 2012 kwamba inaacha kuchapa kamusi, na wenye nakala kuukuu sasa wanaziuza kama dhahabu.

Kamusi za mfukoni? Hazina nafasi ya mambo haya.

Na nyie wauzaji mnaofunga kamusi kwa nailoni, mteja ataipimaje bila kuifungua? Nguo tunajaribu, viatu tunajaribu, ila kitabu cha bei hiyo tununue kwa kutazama jalada! Mkiombwa mfungue moja ya kuonyesha, mnanuna. Mwingine anabandika "toleo jipya" juu ya nailoni. Ukifika nyumbani, ukurasa wa hakimiliki unasema mengine kabisa. Kwa hiyo msomaji, komaa na muuzaji mpaka afungue. Na kama ni Longman iliyokwisha tumika, uliza kwanza kama namba ya kuingilia mtandaoni bado ni nzima. Ikiwa imeshatumika, bei ishuke.