Yūzuru kwa tiketi ya yeni 3,000: uzoefu wangu

Kwa sisi wanafunzi tunaoishi Tokyo, opera ni ya kutazama kwenye mabango ya stesheni tu. Makundi makubwa ya Ulaya yakija, kiti kizuri kinakula makumi ya maelfu ya yeni. Basi nilipoona Yūzuru inaonyeshwa kwenye ukumbi mdogo wa mtaani kwa yeni 3,000, nililipa palepale. Nimeridhika sana.

Opera hii ni ya mtunzi wa muziki Dan Ikuma, na ilionyeshwa mara ya kwanza Osaka mwaka 1952. Maneno yake ni tamthilia ya Kinoshita Junji, iliyotokana na ngano ya korongo. Yohyō, mkulima maskini, anamwokoa korongo. Baadaye anajiwa na mke, Tsū, anayefuma kitambaa cha ajabu kwa manyoya yake mwenyewe. Sharti ni moja tu: asichunguliwe akiwa anafuma. Aliyelelewa na ngano za bibi anajua sharti la namna hiyo huishia wapi, lakini bado nilikaa roho juu.

Unafuu wa bei umo ndani ya kazi yenyewe. Waimbaji wakuu ni wanne, pamoja na kwaya ya watoto, na mambo yote yanatokea kwenye kibanda kimoja kilichozungukwa na theluji. Kikundi hiki kilitumia piano moja badala ya okestra. Njia hiyo ina wazoefu wake Japani: kikundi cha opera cha Konnyakuza, kilichoanzishwa mwaka 1971, huzunguka hadi mashuleni kikiimba opera kwa Kijapani.

Kilichonishika zaidi ni pale Yohyō anapoanza kuzungumzia pesa. Tsū haelewi tena anachosema mumewe; anaona midomo inacheza tu. Mwimbaji alimsogelea, akainamisha kichwa, akawa anaufuata mdomo wa mumewe kwa macho kama kiziwi. Nilikuwa safu ya tatu, nikaona kidevu chake kinatetemeka. Kwenye jumba kubwa ningeyaonea wapi hayo? Kinoshita alimpa Tsū Kijapani safi, wanakijiji akawapa lugha ya shamba, na alikubali tamthilia yake iwe opera kwa masharti kwamba lisibadilishwe hata neno moja. Muziki ukabaki karibu na mazungumzo ya kawaida, na hata mimi ninayejikongoja na Kijapani nilimfuata Tsū vizuri.

Unzu na Sōdo, wanaomtia Yohyō tamaa, walinipita. Wanaongea haraka, na hakukuwa na maandishi ukutani ya kuonyesha wanachoimba. Halafu mwishoni, Tsū anapoondoka, piano ilipwaya. Hapo nilizitamani fidla.

Ukienda, isome hadithi kwanza, na wahi mapema ukae mbele. Watoto wachukue, maana waliokuwa jirani yangu hawakugusa hata peremende zao.